Dawa moja ya uvimbe, majibu mawili

Mama, kidole cha mtoto kikichomwa na mwiba huvimba, kikawa chekundu na cha moto. Hiyo ni kinga ya mwili inapambana. Uvimbe kama huo hutokea pia tusikouona, hata kwenye ubongo, na huko unaweza kuua.

Deksamethasoni hutuliza uvimbe kwa kuipunguza nguvu kinga yenyewe. Nchini Vietnam, utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba wagonjwa wa TB ya ubongo wenye zaidi ya miaka 14, walipopewa dawa hii pamoja na dawa za TB, vifo vilipungua. Lakini Thailand, katika utafiti wa mwaka 1982, wagonjwa wa malaria iliyopanda kichwani waliopewa dawa hiyohiyo walikaa muda mrefu zaidi bila fahamu.

Kwa macho tu huwezi kuyatofautisha magonjwa haya mawili. Ndiyo maana sipendi kuona vidonge hivi vikinunuliwa dukani bila cheti. Mtoto mwenye homa na degedege, au asiyeamka, mkimbize kituo cha afya apimwe kwanza. Na kama daktari amemwandikia kwa wiki kadhaa, usimkatishe ghafla. Dozi hupunguzwa kidogo kidogo.