Mtengano wa kiini kwa miali ya gama

Mtengano wa kiini kwa miali ya gama ni mmenyuko wa kinyuklia ambamo kiini cha atomi hufyonza fotoni ya gama, kisha huvunjika na kutoa nyutroni, protoni au vipande vikubwa zaidi.

Masharti na historia

Kiini huvunjika tu ikiwa nishati ya fotoni inatosha kuzitenganisha chembe zake. Kiini cha deuteri (hidrojeni nzito) kina protoni 1 na nyutroni 1, na kukitenganisha huhitaji MeV 2.22. Mwaka 1934 James Chadwick na Maurice Goldhaber wa Cambridge, Uingereza, walikivunja kwa gama ya MeV 2.6. Jaribio hilo liliwezesha kukadiria masi ya nyutroni kwa usahihi zaidi.

Miali iliyopolarishwa

Katika miali iliyopolarishwa kimstari, uga wa umeme hutikisika katika bapa moja tu. Kwenye maabara ya HIGS ya Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, mwanga wa leza hugongana na elektroni zenye kasi kubwa na kurudi ukiwa gama iliyopolarishwa. Gama hiyo huelekezwa kwenye deuteri au heli. Ikiwa uga wa umeme ndio uliokivunja kiini, nyutroni nyingi hutoka kufuata bapa hilo. Ikiwa ni uga sumaku, karibu na kikomo cha MeV 2.22, nyutroni husambaa sawasawa pande zote. Kwa kupima mgawanyo huo wanafizikia huchunguza nguvu ya nyuklia na jinsi deuteri ilivyoundwa mwanzoni mwa ulimwengu.

Gama katika mkoa wa Tanga

Mbung'o wamewasumbua kwa muda mrefu wafugaji wa mkoa wa Tanga, hasa Handeni. Mjini Tanga madume ya mbung'o yalifanywa tasa kwa gama, na zaidi ya milioni 8 yakaachiwa Unguja kati ya 1994 na 1997, hadi mbung'o wakatoweka kisiwani.

Vyanzo vya kawaida vya kazi hiyo ni sizi-137 (MeV 0.66) na kobalti-60 (MeV 1.17 na 1.33). Nishati hizo haziwezi kuvunja hata deuteri, na kaboni, nitrojeni na oksijeni za mwilini huhitaji nishati kubwa zaidi. Gama huharibu DNA ya mbegu za uzazi, lakini viini vya atomi hubaki vizima. Kwa hiyo mdudu aliyepigwa gama hawi mnururifu, wala ng'ombe anayeumwa naye hapati mnururisho.