Profesa wa Uhandisi na Kazi Zake

Ukishuka kutoka milima ya Mbinga kwenda Mbamba Bay, utaliona Ziwa Nyasa limetanda mbele yako. Ziwa hili lina urefu wa kilometa 580 hivi, na penye kina kirefu zaidi hufika karibu meta 700. Likichafuka, mawimbi yake huweza kuipindua mitumbwi. Kwa hiyo wakazi wa Lituhi, Liuli na Mbamba Bay huhitaji meli zilizo imara.

Mwaka 2017 meli mbili za mizigo, MV Njombe na MV Ruvuma, ziliteremshwa majini. Zilijengwa Kyela, kaskazini mwa ziwa, na kila moja iliundwa ibebe tani 1,000. Msumari mdogo wa chuma huzama. Je, kwa nini meli ya chuma huelea?

Kazi ya mhandisi

Meli ina nafasi kubwa ya wazi ndani yake, kwa hiyo husukuma maji mengi kando. Maji nayo huisukuma meli juu, kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji yaliyosukumwa. Nguvu hiyo ikitosha kuubeba uzito wa meli na mizigo yake, meli huelea. Mhandisi hupiga hesabu hizi kabla bamba la kwanza la chuma halijakatwa. Akikosea, watu huweza kupoteza maisha.

Profesa chuoni

Wahandisi hufundishwa na maprofesa. Profesa ni mwalimu wa cheo cha juu katika chuo kikuu, naye hufanya pia utafiti. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha Kitivo cha Uhandisi mwaka 1973. Toka mwaka 1991 mpaka 2006 chuo hicho kiliongozwa na Profesa Matthew Luhanga, mtaalamu wa uhandisi wa umeme, akiwa Makamu Mkuu wa Chuo. Mwalimu hulitunza darasa lake; kiongozi wa chuo huhakikisha kwamba madarasa yote yana walimu, vitabu na maabara.

Profesa serikalini

Profesa Makame Mbarawa, mzaliwa wa Zanzibar, alifundisha uhandisi wa mitambo katika chuo kikuu huko Afrika Kusini. Toka mwaka 2010 mpaka 2015 alikuwa Waziri wa Mawasiliano, Sayansi na Teknolojia. Wizara hutunga sera. Sera ni maelezo ya serikali kuhusu mambo yatakayotiliwa mkazo. Katika sayansi, serikali hushauriwa na Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Baadaye Profesa Mbarawa alisimamia wizara yenye kazi ya uchukuzi. Alikuwa katika kazi hiyo wakati MV Njombe na MV Ruvuma zilipoteremshwa majini.

Sasa waona kwamba meli hutoka mbali. Chuo humfundisha mhandisi, serikali hutoa fedha na mpango, mhandisi hupiga hesabu, na mafundi huunganisha mabamba. Hatua moja ikikosekana, msafiri wa Liuli hubaki ufukweni. Hesabu unazojifunza leo ndizo mwanzo wa safari hiyo.

Jaribio

1. Chukua donge la udongo wa mfinyanzi. Litumbukize katika ndoo ya maji. Linazama au linaelea?
2. Litoe, kisha ulifinyange liwe kama bakuli lenye kuta nyembamba. Liweke polepole juu ya maji. Umeona nini?
3. Tia kokoto ndogo ndani ya bakuli, moja moja, huku ukihesabu. Linazama baada ya kokoto ngapi?

Maswali

1. Kwa nini bakuli la udongo huelea, hali donge lake huzama?
2. Eleza tofauti kati ya kazi ya mhandisi na kazi ya waziri katika kupatikana kwa meli.
3. Kwa nini ni hatari kuipakia meli mizigo kupita kiasi?