Utangulizi: Njaa na Shibe ya Mtoto

Taaluma ya ulishaji wa watoto wadogo imejengwa juu ya swali ambalo kila mlezi amejiuliza akiwa ameshika kijiko: mtoto huyu ameshiba kweli, au anadeka?

Mwaka 1926, Clara Davis, daktari wa watoto wa Marekani, alianza kulitafutia jibu. Katika utafiti wake uliodumu miaka kadhaa, watoto 15 wa umri wa kuachishwa ziwa walitengewa nyama, mayai, nafaka, maziwa, mboga na matunda, vyote bila kuongezwa sukari. Muuguzi aliketi kimya, kijiko mkononi. Hakuhimiza wala hakukataza. Alilisha pale tu mtoto aliponyoosha mkono kwenye bakuli. Kila mtoto alikula kwa namna yake, na wote walistawi. Mmoja aliyeingia na matege aliwekewa mafuta ya ini la chewa. Akawa anayanywa kwa hiari yake mpaka akapona, kisha akayaacha.

Davis mwenyewe alisisitiza kwamba siri ilikuwa kwenye orodha ya vyakula: chochote ambacho mtoto angechagua kilikuwa chema. Kama soda na biskuti zingekuwepo mezani, matokeo yangekuwa mengine.

Mwaka 1991, mtafiti Leann Birch na wenzake walichapisha utafiti uliopima ulaji wa watoto wa miaka 2 hadi 5. Mlo mmoja ulikuwa mwingi, uliofuata kidogo, lakini nishati ya siku nzima haikutofautiana sana. Kwa hiyo mama anayehuzunika kwa bakuli lililobaki mchana avute subira hadi jioni.

Dalili zenyewe hazijifichi. Mwenye njaa huinamia kijiko na kufungua kinywa kabla hakijafika. Aliyeshiba hugeuza uso, hufumba midomo, hutema. Kumbana pua ili ameze uji, kama wengine wafanyavyo, kunaweza kumpalia hadi mapafuni, na kunamfundisha kukiogopa chakula.

Kuiamini njaa na shibe ya mtoto kuna mipaka yake. Maradhi hupunguza hamu ya kula, na utapiamlo mkali unaweza kuizima kabisa. Mtoto asiyeongezeka uzito, au anayekataa kunyonya, asisubiriwe: apelekwe kliniki. Mgonjwa apewe kidogo kidogo, mara kwa mara, kwa upole.

Mtaalamu wa lishe Ellyn Satter aligawa kazi ya ulishaji vizuri: mzazi huamua mtoto ale nini, lini na wapi, mtoto huamua ale kiasi gani, au asile. Ndugu msomaji, karibu katika taaluma hii, na uanze na mlo wa leo. Andaa chakula bora kwa wakati wake, kaa naye, mtazame usoni, na akigeuza kichwa, weka kijiko chini.