Rafiki wa Mbali na Jirani wa Vita

Asimamaye Mbamba Bay akatazama kusini haoni alama ya kumwambia kwamba pale Chiwindi nchi moja imekwisha na nyingine imeanza. Maji ni yale yale, na Wanyasa wa huku na wa kule ni ndugu. Mpaka huo waliukata Mjerumani na Mreno kwa mapatano ya mwaka 1886. Wenyeji hawakuulizwa.

Tarehe 25 Septemba 1964 FRELIMO, chama kilichoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, kilianza vita vya silaha, na jimbo la Niassa, lililo ng'ambo ya Chiwindi, likawa miongoni mwa medani za kwanza. Mreno alikuwa na kituo cha manowari Metangula, ndani ya ziwa hili hili.

Ndugu msomaji, Mreno yule alikuwa maskini wa Ulaya. Angewezaje kupigana Angola, Guinea na Msumbiji kwa mfuko wake peke yake? Tangu mwaka 1949 alikuwa mwanachama wa NATO, na marafiki zake walimwuzia silaha. Ujerumani Magharibi ilimpa ndege za kivita za Fiat G.91. Alipoulizwa mbona zinaruka Afrika, alisema Msumbiji ni mkoa wa Ureno. Jibu hilo liliwatosha wauzaji!

FRELIMO nayo ilikuwa na marafiki. Silaha zilitoka Uchina na Urusi, Kamati ya Ukombozi ya Afrika ilikaa Dar es Salaam tangu mwaka 1963, na wapiganaji walifunzwa Nachingwea. Lakini bunduki haitembei yenyewe. Ilibebwa kichwani na begani, wake kwa waume, usiku, kwa siku nyingi za msitu. Mwaka 1970 Jenerali Kaúlza de Arriaga alimwaga maelfu ya askari, helikopta na ndege huko Cabo Delgado. Kambi zilitekwa, wapiganaji walitawanyika kwa miguu, na vita vikazidi kupamba moto Tete.

Uchina na Urusi zilikuwa mbali na moshi. Mwambao huu ulikuwa ndani yake. Waliovuka na watoto wao walipokewa Lundo, makazi yaliyofunguliwa kwa wakimbizi wa Msumbiji, na ardhi iliyotolewa ilikuwa ya wakulima wa hapa. Kusini alikuwapo Mreno. Magharibi alikuwapo Dk. Banda wa Malawi, rafiki wa Mreno, ambaye tangu mwaka 1967 alilidai ziwa lote hadi ufuko wetu. Tuseme kweli: bidhaa za Banda zilipita katika reli na bandari za Msumbiji, na Mreno ndiye aliyeshika ufunguo. Hiyo ni sababu. Kwa mvuvi wa Liuli haikuwa faraja.

Mapatano yalitiwa sahihi Lusaka tarehe 7 Septemba 1974, na Msumbiji ikawa huru tarehe 25 Juni 1975. Mreno alikwenda zake. Ugomvi wa ziwa ulibaki, nao ukazuka tena mwaka 2012.