Land Cruiser, gari la umeme na maswali ya ndugu wa Butembo

Tangu niweke picha ya gari letu jipya kwenye kundi la WhatsApp la familia, ndugu wa Butembo na Beni wananiuliza mambo mawili. La kwanza: wewe uliyekuwa ukitambua Land Cruiser kwa mlio kabla haijakata kona, umepatwa na nini? La pili ni zito zaidi: hiyo betri si ni kobalti yetu? Nimejibu kwa ujumbe wa sauti mpaka nimechoka. Leo naandika, tena naongeza swali ambalo hakuna aliyeniuliza.

Namba kwanza

Tunaishi Brussels, mji ambao tangu 2018 unayafungia njia magari ya zamani ya dizeli, hatua kwa hatua. Tuna watoto, mizigo yao na safari fupi fupi za kila siku. Tukachukua BYD Atto 3, gari la Kichina la watu watano. Hapo hakuna mapenzi, ni hesabu.

Lakini mpenzi wa magari hutaka namba. Injini ya Land Cruiser, 1HZ, ile ya silinda sita na lita 4.2 iliyobeba nusu ya Kivu Kaskazini tangu miaka ya 90, ina nguvu ya msokoto ya newtonmita 285, na huipati yote mpaka injini ichanganye. Mota ya Atto 3 inatoa 310, tena papo hapo unapokanyaga. Kwenye taa za barabarani, Land Cruiser inaachwa ikikohoa. Tusidanganyane lakini: Atto 3 inavutwa na magurudumu ya mbele tu, na tumbo lake liko karibu na ardhi. Vilima vya Bulengera, kule Butembo, vikishanyeshewa, 1HZ ingepita ikiniangalia kwa huruma.

Kobalti ni ya nani?

Kongo inatoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia, na magari mengi ya umeme yanaitumia. Inachimbwa kusini, kuanzia Kolwezi mpaka Likasi, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Butembo. Betri ya gari letu ni ya aina nyingine: lithiamu, chuma na fosfeti, bila kobalti hata gramu.

Madini ya jimbo letu yanayoingia kwenye magari ni koltani ya Rubaya, kule Masisi, machimbo ambayo waasi wa M23 waliyateka mwaka 2024. Koltani hutoa tantali, na tantali huingia kwenye vifaa vya kielektroniki: simu, kompyuta, hata magari ya esansi ya siku hizi. Anayetaka kunishitaki ana haki, ila aanze na simu anayoniandikia.

Swali ambalo hamkuniuliza

Mazuti mnayoweka kwenye Fuso yanatoka wapi? Yanashuka melini Mombasa, yanavuka Kenya na Uganda, yanaingia Kongo kwenye mpaka wa Kasindi: zaidi ya kilomita 1,500 kabla ya kumfikia kadhafi, muuza mafuta mwenye vidumu vyake kando ya njia. Kila mpaka una mkono wake. Kutoka Kasindi hadi Beni ni kilomita 80, na kutoka Beni hadi Butembo 54. Barabara hizo zimo katika zile kilomita 223 ambazo marais Museveni na Tshisekedi walizindua ujenzi wake mwezi wa sita 2021. Kuna vipindi magari ya njia ya Kasindi yamelazimika kwenda kwa msafara, yakilindwa na askari. Gharama zote hizo zimo ndani ya lita moja.

Sasa tazameni upande wa pili. Mutwanga, chini ya Rwenzori, kuna kituo kidogo cha umeme wa maji cha Hifadhi ya Virunga tangu 2013, na umeme huo umevuta kiwanda cha sabuni na cha chokoleti. Luviro, katika teritwari ya Lubero, kuna kituo kikubwa zaidi, cha kama megawati 14. Kilipokuwa tayari, nyaya za kufikisha umeme kwa wateja zilikuwa bado chache. Kuanzia 2020 sehemu ya umeme huo ikalisha makontena yaliyojaa kompyuta za kuchimba bitcoin, palepale kituoni. Hifadhi iliyopoteza watalii kwa vita na korona ilihitaji fedha, siilaumu. Ila piga hesabu: saa moja ya Luviro kwa nguvu zake zote inatosha kujaza betri za magari kama letu zaidi ya 200.

Kwa hiyo chanzo tunacho. Kinachokosekana ni waya kati ya mto na ua wa mtu.

"Nitumie Nissan Leaf"

Binamu yangu wa Beni ameniomba hivyo, maana Leaf zilizotumika zimeanza kushuka bei. Nimemwambia aangalie mambo matatu.

Moja, betri ya Leaf hizo haina mfumo wa kuipoza, hivyo joto huizeesha mapema, na Beni si baridi kama Butembo. Pembeni mwa kipimo cha betri kuna vijistari 12 vinavyoonyesha uzima wake. Vikishabaki vinane, unanunua bodi na viti.

Mbili, jenereta haikuokoi. Kujaza kilowati-saa 60 kwa jenereta ndogo kunakula lita 20 na zaidi, sawa na Corolla kwa safari ileile. Umerudi kwa kadhafi kwa njia ya kuzunguka.

Tatu, fundi. Land Cruiser ilitawala kwetu kwa sababu kila garaji inajua kuifungua na kila duka lina vipuri vyake, vikiletwa na wafanyabiashara wetu wa Butembo waliozoea njia ya Dubai na Guangzhou. Betri ya volti 400 haifunguliwi kwa spana na ujasiri, inaua. Fundi wake lazima afundishwe, na wafanyabiashara hawataagiza vipuri kabla fundi hajakuwepo.

Ndiyo maana nadhani pikipiki itatangulia. Kigali na Nairobi, motari anafika kituoni, anaacha betri iliyoisha, anachukua iliyojaa, anaondoka. Hahitaji mita nyumbani wala kungoja chaji. Butembo, mji wa motari, kituo kimoja chenye umeme wa uhakika kingeweza kuhudumia wengi kabla gari la kwanza halijafika.

Binamu, Leaf sikutumii mwaka huu. Nipigie siku utakayofungiwa mita ya umeme usiokatika, tuanze na pikipiki.