Kaza Kabla Hujapiga Chafya

Umeshuka kwenye basi, baridi ya London inakung'ata masikio, na mkojo wala haujakubana sana. Unafika mlangoni, unapekua mkoba kutafuta ufunguo. Ghafla kibofu kinadai haki yake papo hapo. Unabana mapaja, unahangaika kizingitini, na kitasa hakijazunguka matone yamekwisha kukutoka. Kesho ni kicheko cha harusini, keshokutwa ni chafya.

Wanawake wengi waliofika umri wa kukoma hedhi wanaijua hali hii, ila hawaisemi. Wananunua pedi, wanavaa nguo nyeusi, wanaketi karibu na choo. Kwa anayeswali adha ni mbili: nguo imeingia najisi na udhu umetenguka.

Matatizo yenyewe ni mawili. Mkojo unaotoka ukicheka, ukikohoa au ukinyanyua mzigo hutoka kwa sababu msukumo wa tumbo umeishinda misuli inayofunga njia yake. Ule wa mlangoni hutoka kwa sababu kibofu kimejikaza kabla ya wakati. Wapo wenye yote mawili.

Fikiria kitanda cha kamba. Kuanzia mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma, nyonga imewambwa misuli inayobeba kibofu, kizazi na utumbo. Mimba na uzazi huilegeza kamba hiyo. Hedhi inapokoma, kwa kawaida kati ya miaka 45 na 55, homoni ya estrojeni hupungua, na utando laini wa njia ya mkojo hukonda. Kitanda kinabonyea.

Lakini kamba hukazwa upya kwa mazoezi. Anayesifiwa zaidi kwa mazoezi haya ni Arnold Kegel, daktari wa Marekani aliyeandika kuyahusu mwaka 1948. Miaka 12 kabla yake, mwaka 1936, London ilikuwa na Margaret Morris, mcheza dansi aliyesomea tiba ya viungo katika hospitali ya St Thomas', ng'ambo ya mto Thames ukitokea Bungeni. Morris alieleza kukaza na kulegeza misuli hiyo kuwa ni kinga na tiba ya kutokwa na mkojo. Mwaka huohuo yeye na Minnie Randell, aliyeongoza shule ya tiba ya viungo ya hospitali hiyo, walichapisha kitabu cha mazoezi ya uzazi na ya waliofanyiwa upasuaji.

Kwamba Morris alikuwa mcheza dansi halitamshangaza aliyewahi kupitia mikononi mwa kungwi. Kungwi hakuwa akifikiria kibofu, lakini mwari alitoka unyagoni akijua kwamba nyonga hufundishika.

Ushahidi nao upo. Mwaka 2018 watafiti wa mtandao wa Cochrane walikusanya majaribio 31 yenye wanawake 1,817. Kati ya waliokuwa wakitokwa na mkojo kwa kukohoa au kucheka, 56 katika kila 100 waliofanya mazoezi walisema wamepona. Kwa wasiofanya, 6 tu.

Kaa kwenye kiti kigumu, nyayo sakafuni, mgongo wima. Ukijikunja kama uliyezama kwenye sofa, misuli hiyo hulala; ukikaa wima, huamka. Sasa jizuie kana kwamba unabana ushuzi mbele ya wakwe, kisha vuta juu na mbele kana kwamba unazuia mkojo. Makalio yatulie, mapaja yatulie, na usizuie pumzi. Shikilia sekunde chache, legeza kabisa, rudia. Mwongozo wa afya wa Uingereza unataka mikazo isiyopungua 8, mara 3 kwa siku, kwa muda usiopungua miezi 3 chini ya mtaalamu. Anayeacha wiki ya pili asiyalaumu mazoezi.

Kisha jifunze kuwahi: kaza kabla ya chafya, kabla ya kikohozi, kabla ya kunyanyua ndoo. Chooni, keti kabisa, uiname mbele kidogo. Ukining'inia juu ya kiti kwa kuogopa uchafu, misuli haipati kulegea na kibofu hakimaliziki. Usikatize mkojo kila mara kama zoezi, na usijinyime maji. Punguza kahawa na chai kali. Ukiona damu kwenye mkojo, au ukikojoa kwa maumivu, nenda kwa daktari mapema. Mwulize pia kuhusu estrojeni ya kupaka ukeni, kwani huwafaa wengi.

Na mlangoni? Usikimbilie kitasa. Simama tuli, kaza mara kadhaa kwa haraka, pumua. Hamu ya kukojoa huja kama wimbi: hupanda, hufika kilele, hushuka. Likishashuka, tafuta ufunguo wako taratibu.