Pampu ya pumu inaishia kooni

Wasomaji kadhaa wa Igogo wameuliza jambo moja: pampu ya pumu wanayo, wanapuliza, lakini kifua hakifunguki. Wabadili dawa? Kwanza rudi nayo kwa mfamasia, uivute mbele yake.

Mwaka 2016 mtafiti Joaquín Sanchis na wenzake walichambua tafiti za miaka 40, zenye watu zaidi ya 54,000. Waliovuta sawasawa walikuwa asilimia 31 tu, na miaka yote hiyo haikuleta nafuu.

Kiini ni mwendo. Dawa hutoka kwenye pampu kwa kasi kubwa, na koo limepinda. Matone makubwa hushindwa kukata kona, kama bodaboda iliyoteremka mbio kwenye mawe ya Igogo. Hugonga ukuta wa koo yakabaki hapo. Yanayopenya ni ya maikromita 1 hadi 5, tena ukivuta taratibu. Hata yakifika chini hayajatua: huelea kwenye vijia vyembamba, yakishuka polepole kwa uzito wake. Ndiyo maana unabana pumzi sekunde 10. Ukipumua mapema unayarudisha nje. Pampu za unga ni kinyume. Hazina gesi, pumzi yako ndiyo inayotimua unga, kwa hiyo hizo vuta kwa nguvu.

Sasa hili la kwamba pampu “inazoesha”, afadhali vidonge! Mpulizo mmoja wa salbutamoli ni maikrogramu 100. Kidonge cha miligramu 4 ni mara 40 ya hapo, nacho huzunguka mwili mzima: mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio. Na wanaouza chupa za “kusafisha mapafu” wanasafisha mifuko yenu tu.

Basi, kwa pampu ya gesi: tikisa, toa pumzi, anza kuvuta polepole, bonyeza mara moja, bana. Mtoto atumie chemba ya plastiki. Kama pampu yako ni ya steroidi, sukutua mdomo baadaye, wala usiiache ukipata nafuu. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, hauwashauri watu wazima kutegemea salbutamoli peke yake. Anayeshindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi akimbizwe hospitali.

Nanyi wafamasia, kuandika “1x2” juu ya boksi hakumfundishi mtu kuvuta. Mwambieni mgonjwa, “Hebu nionyeshe,” kabla hajaondoka dirishani, na mwulizeni tena akirudi kununua nyingine.